Mjumbe wa Miamba: Joseph Thomson na Swali la Aliyemtuma

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji kisicho mbali na mji wa Bariadi, watu watatu walikuja siku moja wakapanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu. Walikuwa na nyundo fupi, mifuko ya turubai na daftari. Waligonga jiwe, wakalitazama lilipovunjika, wakaandika neno, wakatia kipande mfukoni, kisha wakaenda kwenye jiwe jingine. Sisi watoto tuliwafuata kwa mbali mchana kutwa, tukidhani wanatafuta mali iliyofichwa na wazee wa kale. Jioni waliposhuka walimwamkia babu yangu, naye akawapa maji ya kunywa na viti vya kukalia. Baada ya kuulizana habari za safari, aliwauliza jambo moja tu: “Wanangu, mmetumwa na nani?” Hakuwauliza wanatafuta nini, wala wamepata nini. Walimjibu kwa adabu, lakini naliona usoni mwake kwamba jibu halikumtosha; na swali lile halijaniacha mpaka leo.

Insha hii ni habari ya mtu aliyeishi kwa nyundo ya namna ile, zaidi ya miaka mia moja kabla ya siku hiyo. Jina lake ni Joseph Thomson, Mskoti, mwanajiolojia wa zama za Malkia Victoria. Maisha yake yalikuwa mafupi, yapata miaka 37 tu, nayo yameandikwa mara nyingi kama masimulizi ya ujasiri wa msafiri. Sikusudii kuyarudia masimulizi hayo. Nakusudia kuyatazama maisha yake kwa swali la babu: katika kila safari, ni nani aliyemtuma, na jibu alilolitoa katika miamba lilikwenda kwa nani?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtu wa Simiyu ajishughulishe na Thomson, ilhali Thomson hakupata kuikanyaga nchi ya Bariadi. Ni kweli, alituzunguka tu. Mwaka 1880 alipita Tabora, kusini-magharibi yetu, akirudi pwani. Na Desemba 1883 alifika ufukoni mwa Ziwa Victoria upande wa kaskazini-mashariki, akateka maji ya ziwa lile lile linalopokea maji ya mto Simiyu. Walakini jina lake limefika mahali ambapo miguu yake haikufika. Mtu atokaye Bariadi kuelekea mashariki hufika Pori la Akiba la Maswa, na mbele yake ni mbuga za Serengeti. Na katika mbuga hizo hukutana na makundi ya swala wadogo wenye mstari mweusi ubavuni, ambao kwa Kiswahili tunawaita swala tomi. Tomi huyo ni Thomson. Mwaka 1884 Albert Günther, mtaalamu wa wanyama wa Makumbusho ya London, alimwandika swala huyo katika vitabu vya elimu kwa jina la msafiri aliyekuwa ameleta habari zake. Basi watoto wa Meatu na Itilima wanamtaja Mskoti huyu pasipo kujua kwamba wanamtaja.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, wilaya ya Dumfries, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe, ambaye baadaye alikodi machimbo ya mawe mekundu ya mchanga mahali paitwapo Gatelawbridge. Hapo ndipo kijana Joseph alipopata chuo chake cha kwanza. Mwashi hulijua jiwe kwa mkono kabla ya kulijua kwa kitabu: anajua litapasuka upande gani, ni tabaka lipi gumu na lipi laini, na ni wapi unyayo wa mnyama wa kale umebaki katika mchanga uliogeuka mwamba. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma elimu ya miamba kwa Archibald Geikie, mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa Uingereza wakati huo, na elimu ya viumbe kwa Thomas Huxley, yule mtetezi mashuhuri wa Darwin.

Yafaa tukumbuke elimu ya miamba ilikuwa na cheo gani katika zama hizo. Charles Lyell alikuwa ameandika kitabu chake kikuu kati ya mwaka 1830 na 1833, akifundisha kwamba milima na mabonde vimefanywa na nguvu zile zile zinazofanya kazi leo, mvua, mito, bahari na moto wa chini, kwa muda mrefu kupita kiasi cha fikira. Elimu hiyo ilibadili mawazo ya watu juu ya umri wa dunia. Lakini ilikuwa pia elimu ya makaa ya mawe, chuma na shaba, yaani chakula cha viwanda na meli za moshi. Roderick Murchison, aliyeongoza Idara ya Upimaji wa Miamba ya Uingereza, ndiye pia aliyekuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kwa miaka mingi. Na mwaka 1852, akiwa hajapata kuiona Afrika ya ndani, alitoa maelezo ya umbo la bara hili kwa kukisia tu kutokana na miamba ya pembeni. Mwanajiolojia wa zama hizo alikuwa na mabwana wawili ndani ya nafsi yake: mmoja alitaka kujua, na wa pili alitaka kupata. Aghalabu wawili hao walikwenda pamoja kwa amani, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuwatenganisha.

Safari ya kwanza ya Thomson ilitoka kwa yule bwana wa kwanza. Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 20, aliteuliwa na Chama cha Jiografia kuwa mwanajiolojia wa msafara wa Keith Johnston, mchora ramani, uliokusudia kutafuta njia kutoka Dar es Salaam mpaka kaskazini ya Ziwa Nyasa na kutoka huko mpaka Ziwa Tanganyika. Walifika Unguja Januari 1879, wakajifunza Kiswahili, wakajaribu miguu yao katika milima ya Usambara, na Mei wakaondoka Dar es Salaam. Tarehe 28 Juni 1879 Johnston alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu huko Behobeho, kaskazini mwa mto Rufiji. Kijana wa miaka 21, ambaye kazi yake ilikuwa kugonga mawe, akabaki na mzigo wa kuongoza msafara mzima.

Masimulizi mengi husema kwamba Thomson aliongoza msafara ule. Sema kweli, msomaji: mtu wa miaka 21 asiyeijua nchi, asiyezoea watu wake, ataongozaje watu wapatao 150 kwenye njia asiyoijua? Aliyeujua mwendo alikuwa mkuu wa wapagazi, Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, aliyefuatana na Livingstone kwa miaka mingi, na ambaye pamoja na Susi na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone mwaka 1873 kutoka nchi ya Ilala mpaka pwani. Thomson alikuwa na busara ya kutosha kumsikiliza. Alipenda kurudia msemo wa Waitaliano ambao maana yake haina tofauti na ile yetu ya kusema pole pole ndio mwendo. Na alijivunia kwamba katika safari zake hakumwaga damu ya wenyeji. Heshima hiyo ni yake, lakini si yake peke yake. Msafara usiopigana ni msafara wenye watu wanaojua kusema na wenye nchi.

Walifika Ziwa Nyasa, wakavuka nyanda za juu, wakaliona Ziwa Tanganyika Novemba 1879. Thomson alikwenda kuukagua mto Lukuga, ambao wasafiri walikuwa wakibishana juu yake, akathibitisha kwamba maji ya ziwa yanatoka kwa mto huo kuelekea magharibi. Akirudi alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Rukwa, kisha akapita Tabora, na mwaka 1880 akafika pwani. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha safari hiyo. Aliyemtuma alitaka kujua, naye alileta ujuzi. Hapa swali la babu lina jibu jepesi.

Sasa tufike kwenye habari ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa maisha yake, ingawa waandishi wengi huipitia kwa haraka kama kituo kidogo kati ya safari mbili kubwa. Mwaka 1881 Thomson aliajiriwa na Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888. Barghash alikuwa mtawala mwenye mipango. Aliuletea mji wa Unguja maji safi ya mfereji, alijenga majumba, alinunua meli za moshi. Na meli za moshi hula makaa ya mawe, na makaa hayo yalitoka ng'ambo kwa fedha nyingi. Tangu Livingstone alipopanda mto Ruvuma, habari zilikuwa zimeenea kwamba huko kuna makaa ya mawe. Kama habari hizo zilikuwa za kweli, basi Sultani angekuwa na moto wake mwenyewe, katika nchi aliyoihesabu kuwa yake, na asingehitaji kuwaomba wageni makaa ya kuendeshea meli zake.

Natufikiri juu ya ombi hili, kwa maana ni ombi la ajabu kwa wakati wake. Ni mtawala wa pwani yetu, anayemtafuta mtaalamu wa Kizungu, anamlipa kwa fedha yake, na kumpa swali lake. Hakuwa mtu wa London anayeuliza juu ya ardhi ya Afrika. Alikuwa mtu wa Zanzibar anayeuliza juu ya nchi aliyodai kuitawala. Sisemi kwamba watu wa bonde la Ruvuma walishauriwa. Hawakushauriwa, na madai ya Sultani juu ya nchi ya ndani yalikuwa mara nyingi mepesi kuliko maneno yake. Lakini katika maisha yote ya Thomson hii ndiyo mara moja tu ambapo nyundo yake iligonga kwa amri ya mtawala wa huku.

Thomson alitoka Mikindani Julai 1881, akaufuata Ruvuma mpaka karibu na mahali unapokutana na Lujenda. Alikagua miamba iliyosemwa kuwa na makaa. Alichokiona hakikuwa makaa ya mawe. Ulikuwa mwamba mweusi wa udongo ulioganda, wenye mafuta mafuta kama lami, ambao ukitiwa motoni hutoa moshi na ndimi kidogo za moto, lakini hauwezi kuendesha meli. Alirudi Unguja akasema hivyo. Sultani hakupendezwa, kazi ikaisha hapo, na Thomson akarudi kwao.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na Barghash hakumwua mjumbe wake. Lakini alimtazama kama mtu aliyeficha mali. Hatuna haja ya kumcheka Sultani kwa hasira yake. Yeye aliiona nchi ikizungukwa na wageni wenye meli, na meli zenye makaa. Jibu la Thomson lilikuwa zaidi ya habari ya jiwe. Lilikuwa tumaini lililofungwa. Na Thomson naye, kama angalitaka kupendwa, njia ilikuwa rahisi: angalisema makaa yapo lakini yako chini sana, angaliomba fedha zaidi, watu zaidi na mwaka mwingine. Wataalamu wa namna hiyo hawakukosekana zama zile, wala hawakosekani leo. Yeye alisema hapana. Hili ndilo tendo lake lililo safi kuliko yote, na ndilo lisiloandikwa juu ya jiwe la ukumbusho.

Lakini elimu ya miamba inatufundisha pia kwamba jibu la kweli lina mipaka ya swali lake. Sultani aliuliza juu ya Ruvuma, akajibiwa juu ya Ruvuma. Leo tunajua kwamba kusini mwa Tanzania makaa ya mawe yapo, tena mengi, katika miamba ya zama za Karoo: Ngaka katika wilaya ya Mbinga, Mchuchuma katika wilaya ya Ludewa, na Kiwira na Songwe kaskazini-magharibi ya Ziwa Nyasa, pande ambazo hazikuwa mbali na njia aliyoipita Thomson mwenyewe mwaka 1879. Na karibu na mlango wa huo huo Ruvuma, katika Ghuba ya Mnazi, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1982. Thomson hakukosea; aliulizwa dogo, akajibu dogo kwa uaminifu. Kama mwenye kuuliza angalikuwa na muda, na wataalamu wengi, na uwezo wa kuuliza tena, pengine historia ya pwani ingalikuwa na ukurasa mwingine. Muda huo Barghash hakuupata. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa nchi ya ndani, zikamwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 pamoja na visiwa. Tangu hapo hapakuwa na mtawala wa huku aliyebaki na nafasi ya kumtuma mwanajiolojia.

Safari iliyomletea Thomson sifa kubwa ilianza Machi 1883. Chama cha Jiografia kilimtuma tena, mara hii kutafuta njia fupi kutoka Mombasa kupitia nchi ya Wamasai mpaka Ziwa Victoria. Wengi waliiogopa njia hiyo, na misafara ya biashara iliyoipita ilikuwa yenye watu wengi. Chuma alikuwa amekwisha kufa mwaka 1882. Wakuu wa wapagazi mara hii walikuwa Makatubu, aliyekuwa katika safari ya kwanza, na Manwa Sera, aliyekuwa nahodha wa watu wa Stanley katika safari ya 1874 mpaka 1877. Mtu wa Simiyu asilipite jina hili upesi: Manwa Sera alivuka Usukuma pamoja na Stanley Februari 1875 wakienda ziwani. Nchi yetu, ambayo Thomson hakupata kuiona, mkuu wake wa msafara alikuwa amekwisha kuikanyaga.

Thomson alipoingia Umasai mara ya kwanza alilazimika kurudi Taveta, kwa sababu msafara wa Mjerumani Gustav Fischer uliomtangulia ulikuwa umegombana na Wamasai. Aliingia tena alipojiunga na msafara wa mfanyabiashara wa pwani, Jumbe Kimameta, aliyekuwa amezoea njia za huko. Walipita kaskazini ya Kilimanjaro, wakafika Naivasha, ambako Thomson alipanda mlima Longonot akatazama ndani ya shimo la volkano. Alipita Laikipia, akauona mlima Kenya, akashuka Baringo, na Desemba 1883 akafika ziwani. Katika mlima Elgon aliyakagua mapango ambamo watu waliishi na mifugo yao. Akirudi, siku ya mwisho ya mwaka huo, alipigwa pembe na nyati aliyekuwa amemjeruhi kwa risasi. Kisha ugonjwa wa kuhara damu ukamlaza kwa majuma mengi, na wapagazi wakambeba katika machela. Mei 1884 alikuwa pwani.

Katika safari hii Thomson alijifanya mganga. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa akiyatoa na kuyarudisha mbele ya watu. Alikuwa na dawa ya chumvi itoayo povu ikitiwa majini, akaitumia kama dawa ya nguvu. Wasomaji wa riwaya watakumbuka mzaha wa meno ya bandia katika King Solomon's Mines ya Rider Haggard, kitabu kilichotoka mwaka 1885, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Thomson, Through Masai Land. Thomson mwenyewe alijaribu riwaya mwaka 1888, akaiita Ulu. Lakini lililo zito kwetu si mzaha huo. Mtu aliyekataa kumdanganya Sultani juu ya mwamba mweusi, alikubali kuwadanganya Wamasai juu ya meno. Uaminifu wake ulikuwa uaminifu kwa mawe. Kwa watu haukuwa kamili daima.

Chama cha Jiografia kilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1885. Maelezo yake juu ya volkano na bonde lile kubwa yaliwasaidia waliomfuata, hasa J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyefika huko mwaka 1893 na ambaye kitabu chake cha 1896 kiliipa dunia jina la Bonde Kuu la Ufa. Lakini ujuzi una miguu yake. Njia iliyotafutwa kwa ajili ya ramani ikawa njia ya misafara ya wenye kutawala. Kati ya 1896 na 1901 reli ikajengwa kutoka Mombasa mpaka ziwani, na nyuma ya reli wakaja walowezi. Majina nayo yalikuwa yamekwisha kutangulia: safu ya Nyandarua ikaitwa Aberdare kwa heshima ya rais wa Chama, na maporomoko ya Nyahururu yakaitwa kwa jina la Thomson mwenyewe. Wenye nchi wameyarudisha majina yao. Swala tu ndiye aliyebaki na jina la mgeni, kwa kuwa swala hana wa kumsemea.

Tangu 1885 waliomtuma Thomson walibadilika. Mwaka huo alikwenda Sokoto na Gwandu kwa niaba ya National African Company, kampuni ya biashara ya mto Niger, naye akarudi na mikataba. Mwaka uliofuata kampuni ile ilipewa hati ya kifalme ya kutawala. Mwaka 1888 alisafiri katika milima ya Atlas huko Moroko. Kisha mwaka 1890 Cecil Rhodes, kwa kampuni yake ya British South Africa Company, alimtuma kwenda Katanga kwa Msiri, mtawala wa Garenganze, ambaye nchi yake ilijulikana kwa shaba.

Msiri huyo hakuwa mgeni kwetu. Asili yake ni Usumbwa, magharibi ya Usukuma, katika watu wa jamii ya Wanyamwezi. Alikwenda Katanga akifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu, akaanzisha dola yake huko Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Mafundi wa nchi ile walikuwa wakiyeyusha shaba kwa vizazi vingi. Basi mwaka 1890 mwanajiolojia wa Edinburgh alitumwa na kampuni kwa mtu wa Usumbwa, si kumfundisha kwamba ana shaba, kwa maana alijua. Alitumwa apate alama ya mkono wake juu ya karatasi. Hapa nyundo imewekwa chini na kalamu imeshika mahali pake.

Thomson hakufika Bunkeya. Ndui iliingia katika msafara wake, ikaua watu, akarudi nyuma. Katika njia yake alikuwa amefanya mikataba na watawala wadogo, na mikataba ya namna hiyo ilitumiwa na Waingereza kudai nchi ambayo leo ni Zambia. Msiri mwenyewe aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Na shaba ya Katanga ikapata bwana mwingine. Afya ya Thomson haikusimama tena. Alikufa London tarehe 2 Agosti 1895.

Tumhukumuje mtu huyu? Wako wanaomsifu kwa upole wake na ujana wake, na sifa hizo anastahili. Wako wanaomlaumu kuwa mtangulizi wa ukoloni, na lawama hiyo nayo ina ushahidi. Mimi naona hukumu zote mbili zinamtazama mtu peke yake, zikisahau mkono uliomwajiri. Thomson wa Ruvuma na Thomson wa Katanga ni mtu mmoja, mwenye macho yale yale na elimu ile ile aliyoipata katika machimbo ya baba yake. Kilichobadilika ni aliyemtuma. Alipotumwa na chama cha elimu alileta elimu, nayo wengine wakaitumia walivyotaka. Alipotumwa na mtawala wa huku alimpa mtawala huyo kweli yenye uchungu. Alipotumwa na kampuni alileta karatasi za kampuni. Elimu ya miamba haichagui bwana wake. Mwenye elimu ndiye anayeweza kuchagua, na nchi ndiyo inayoweza kumpa nafasi ya kuchagua vema.

Jambo hili si la kale tu. Mkoa wa Simiyu, uliotengwa na mkoa wa Shinyanga mwaka 2012 na kufanywa mkoa wenye makao yake makuu Bariadi, umekaa juu ya baadhi ya miamba mikongwe kabisa ya Afrika, yenye umri unaopita miaka milioni 2,500. Katika miamba ya namna hiyo ndimo inamopatikana dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Katika vilima vya Dutwa na Ngasamo wataalamu wamepima nikeli, na kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilifanywa na kampuni iliyoandikishwa London. Jirani yetu Mwadui, almasi iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliyeishi na kufa akiwa tajiri juu ya ardhi ya Wasukuma. Mwaka 2017 sheria zetu zilibadilishwa, zikatamka kwamba utajiri wa asili ni mali ya wananchi, na kwamba serikali ipate hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia. Hiyo ni hatua, nami siidharau. Lakini sheria hugawa kilichokwisha kujulikana. Kabla ya kugawa kuna kujua, na kabla ya kujua kuna kuuliza. Na mwenye kuuliza ndiye anayepokea jibu mbele ya wengine wote.

Barghash aliliona jambo hilo mwaka 1881. Kosa lake halikuwa kuuliza. Kosa lake lilikuwa kukasirika na mjumbe aliyemwambia kweli, kisha kutouliza tena. Nchi inayotaka kuijua ardhi yake hapana budi iwe na wana wa kuigonga kwa nyundo, wanaosomeshwa na kulipwa na nchi yenyewe; na hapana budi iwe na moyo wa kupokea neno “hapana” pasipo kumwita msemaji msaliti. Hayo mawili huenda pamoja. Anayependa majibu matamu tu atapata wataalamu wa majibu matamu.

Babu yangu hakujua kusoma, wala hakupata kusikia habari za Thomson. Siku ile wageni walipokwisha kunywa maji waliaga, wakaondoka na vipande vya kilima chetu mfukoni. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kukitazama kilima kile. Alama za nyundo bado zinaonekana kwa mtu azijuaye, vidonda vidogo vyeupe juu ya jiwe la kijivu. Matokeo ya upimaji ule hayakusomwa kamwe katika kijiji chetu. Pengine yalikuwa hapana, kama yale ya Ruvuma. Hata hivyo ilikuwa haki ya babu kuambiwa.